Wahakiki wa magazeti wanapimaje filamu za katikati, zisizo mbaya wala nzuri?

MwenyeBanda_Maweni ameuliza:

Wadau, salamu aleikum. Mimi nina banda la video hapa Malindi, Maweni. Si pakubwa: mabenchi ya mbao, turubai ukutani, projekta moja, spika mbili, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Kukiwa na mpira sina shida, kila mtu anajua anachokuja kuona. Kazi iko usiku usio na mpira. Hapo lazima nichague filamu, na mteja wa shilingi ishirini ana ulimi mrefu kuliko wa elfu mbili.

Zamani nilichagua kwa picha ya kasha. Stelingi kasimama wapi, kashika nini, moto uko nyuma yake au hauko. Siku hizi mpwa wangu ananisomea kwenye simu walichoandika wahakiki wa magazeti ya Marekani na Uingereza, halafu tunaamua pamoja.

Filamu wanazozisifu nazielewa. Wanazozichana nazielewa pia, tena mara nyingi uhakiki wenyewe ni mtamu kuliko filamu. Taabu ni zile za katikati, na Hollywood hizo ndizo nyingi. Juzi nilionyesha moja ya jasusi mstaafu. Mnaijua hata kama hamjaiona: mzee kastaafu, kajenga nyumba msituni, hataki makuu, wanakuja watu wanamchokoza, anafukua sanduku la silaha chini ya sakafu ya jikoni. Gazeti moja la Marekani limeipa nyota mbili na nusu kwa nne. Moja la Uingereza limeipa tatu kwa tano. Kwenye ule mtandao wa nyanya, Rotten Tomatoes, unaokusanya maoni ya wahakiki, ina asilimia 58 na lile doa la kijani, yaani imeoza. Nikamwambia mpwa wangu anisomee maneno sasa, si alama. Maneno karibu yale yale! Stelingi anajitahidi, hadithi tushaiona, mwisho umevutwa mno. Wamekubaliana kwa maneno, wakaachana kwa alama. Inakuwaje?

Na bandani ilikuwaje? Mimi sikai mbele. Nakaa mlangoni nyuma, pale pa kukusanyia pesa, kwa hivyo siangalii filamu, naangalia migongo. Filamu ikishika, migongo inanyooka, na hata mla muguka anasahau kutafuna, shavu limejaa vile vile. Ikilegea inawaka simu ya kwanza, halafu ya pili, halafu kuna mmoja anatoka kwenda haja ambayo hana. Hii ya jasusi walikaa. Hawakushangilia, hawakumfokea adui kama kawaida yao, isipokuwa pale jikoni sanduku lilipofunguliwa. Lakini hakuna aliyetoka. Nilipouliza "vipi?", mvuvi mmoja wa Mayungu akanijibu, "Imepita." Na kesho yake akaja tena na nduguye, na huu ni msimu wa kusi, mashua zimekaa, pesa haziko.

Sasa swali. Mhakiki wa gazeti akikutana na filamu ya namna hii, anaipima kwa nini? Nani anaamua kwamba ni mbili na nusu na si tatu? Msinijibu "inategemea ladha". Ladha naijua, ndiyo ninayouza.

KijanaWaShella amejibu:

Bosi, hao wanahakiki filamu ambayo Maweni haijaonyeshwa. Ulipiga ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, au ya Kiingereza kavu? Maana ikipita mikononi mwa DJ Afro ile ni filamu nyingine kabisa. Jasusi akikaa kimya dakika mbili anatazama moto, mhakiki wa London anaandika "inachosha". Kwetu dakika mbili hizo ndizo DJ anazopata kumsema mzee, mkewe, mama mkwe na bei ya unga. Filamu kali sana haimpi nafasi, maneno yao yamejaa mpaka pembeni. Hii ya katikati ina mashimo, na mashimo ndiyo riziki yake. Nyota tano kwangu.

MwenyeBanda_Maweni amejibu:

Ilikuwa ya Kiingereza, kijana. Na maandishi ya chini hayakusomeka, turubai lina mikunjo. Walifuata kwa macho tu.

BintiMambrui amejibu:

Ami, tuanze na hesabu, maana nusu ya fumbo lako liko hapo.

Ile 58 si alama ya filamu. Rotten Tomatoes, tangu ilipoanza mwaka 1998, haijali mhakiki ameipenda kiasi gani. Inataka ndiyo au hapana, halafu inahesabu vichwa. Kwa hivyo 58 ni kwamba katika kila wahakiki 100, 58 wamesema ndiyo. Mpaka uko kwenye 60: ikifika hapo nyanya ni nyekundu, chini ya hapo imeoza. Sasa chukua filamu ambayo kila mhakiki ameiona "haya, si mbaya" akaipa tatu kwa tano. Wote wamesema ndiyo, inapata 100. Chukua nyingine ambayo nusu yao wameililia kwa uzuri na nusu wametaka kurudishiwa nauli. Hiyo inapata 50. Filamu ya katikati inaweza kutua popote kwenye mtandao ule, kutegemea ile "si mbaya" ya kila mmoja imeangukia upande gani. Jasusi wako alikosa wachache tu avuke.

Metacritic, mtandao mwingine wa kukusanya alama, wana njia yao. Wanachukua alama ya kila gazeti, wanaigeuza iwe juu ya 100, wengine wanawapa uzito kuliko wengine, kisha wanatafuta wastani. Na hapa ndipo penye kichekesho. Tatu kwa tano ni 60. Mbili na nusu kwa nne ni 62 na nusu. Kwa hesabu, Mmarekani ndiye aliyeipenda zaidi! Lakini kwa desturi ya nyota zao, Mwingereza anakwambia ukiwa na nafasi nenda, na Mmarekani anakwambia kaa nyumbani. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times, yule mhakiki wa kidole gumba, juu ndiyo, chini hapana, alikuwa akisema wazi kwamba kwake kidole kinasimama kuanzia nyota tatu. Mbili na nusu, kidole chini. Yaani kwenye mizani ya nne, "katikati" imeshakuwa kukataliwa kwa adabu.

Na magazeti yasiyotoa nyota, kama New York Times? Metacritic wenyewe wanasoma makala na kukadiria namba. Kuna mtu ofisini kazi yake ni kumpimia mhakiki moyo wake.

Kama unataka kitu kinachofanana na migongo yako, tafuta CinemaScore. Wao tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanagawa kadi milangoni mwa sinema za Marekani usiku wa kwanza, na mtazamaji anatoa daraja kutoka A+ mpaka F. Ukiona B usishangilie. Mtu wa usiku wa kwanza ametoka kwake akiwa tayari anataka kuipenda. Akikupa B, amekuvumilia.

MzeeWaLangoni amejibu:

Yeo gazeti limechelewa na boti ya Mokowe, basi nina nafasi ya kuandika. Nimezeekea dawati la uhariri Mombasa kabla ya kurudi Lamu kukaa barazani. Jina la gazeti halina haja. Nilizihariri tahakiki za filamu, zetu na za kununua kutoka nje, na nitakueleza mambo ambayo msomaji hayaoni.

Binti hapo juu hesabu zake ni sawa. Ila nyota hizo usizichukue kama neno la mhakiki. Nyota ni za gazeti. Zilianza New York, gazeti la Daily News, Julai 1928, mhakiki wao Irene Thirer, na mizani yenyewe ilikuwa ya nyota tatu tu. Zililetwa kwa ajili ya msomaji aliyesimama kwenye treni na ana sekunde kumi. Wahakiki wengi mpaka leo hawazipendi, wanazitoa kwa kuwa mhariri anazitaka. Muulize aliyeandika maneno mia sita ya "kwa upande huu, kwa upande ule" aweke nyota, atakuna kichwa, ataweka mbili na nusu, atakwenda kunywa kahawa.

Halafu fikiria maisha ya mtu huyo. Mvuvi wako wa Mayungu anaona filamu pale mashua ikikaa. Mhakiki anaona tatu, nne, tano kwa wiki, mwaka mzima, asubuhi saa nne, kwenye chumba chenye baridi, na ameapa kutochapisha kabla ya siku waliyopangiwa na wenye filamu. Sanduku la silaha chini ya sakafu amekwisha kuliona mara nyingi hata anajua mbao ipi itang'olewa. Kwa hiyo kitu cha kwanza anachokitoza ni kurudia. Na mteja wako, bwana, kurudia ndiko anakokulipia. Alipopiga kelele pale jikoni hakushangazwa hata kidogo. Alikuwa ameingoja ile mbao tangu mzee alipotia ufunguo mlangoni. Hapo mhakiki na mvuvi wote wameona sawasawa, mmoja akachoka, mwingine akastarehe. Hakuna aliyekosea.

Wahakiki wenyewe wamegawanyika hapo. Ebert alishika msimamo kwamba alama zake ni za jamaa kwa jamaa: filamu ya ngumi inapimwa na filamu za ngumi, haiwekwi mbele ya filamu za tuzo. Ukimuuliza rafiki kama filamu fulani ya mashujaa ni nzuri, unauliza kati ya zile za aina yake. Wengine wana mizani moja tu, na juu yake wamepanga kazi zote bora walizowahi kuona, na jasusi wako atasimama foleni hiyo hiyo. Kwa hao mbili kwa nne ni nyingi. Ndiyo sababu mpwa wako lazima ajue anamsoma mhakiki wa kundi gani kabla hajatazama nyota.

Kuna gazeti moja lililopata kipimo ninachokiona cha haki, na wewe utakifurahia: San Francisco Chronicle.  Miaka ya 1940, badala ya nyota, walianza kuweka kikaragosi cha mtu mdogo kitini. Filamu ikiwa bora kabisa, amerukaruka kutoka kitini anapiga makofi. Ikiwa nzuri, amekaa anapiga makofi. Mbaya, amelala. Mbaya kupindukia, kiti kitupu, mwenyewe kaondoka. Na ya katikati? Amekaa wima, macho mbele, mikono imetulia. Hapigi makofi, halali, haendi. Ebert mwenyewe, pamoja na nyota zake zote, alikisifu kikaragosi kile kuwa ndicho kipimo chenye maana. Sasa rudia kusoma ulivyoandika kuhusu migongo.

Nije kwenye kazi ya mikono, maana hapa ndipo ninapopajua. Filamu ya katikati ndiyo ngumu kuliko zote kuiandikia. Nzuri inakupa maneno, mbaya inakupa mzaha. Ya katikati haikupi kitu, na nafasi kwenye ukurasa ni ile ile, lazima ijae. Basi mhakiki anafanya nini? Anasimulia hadithi kwa kirefu. Ukiona nusu ya makala ni kusimulia, ujue filamu haikumpa la kusema. Kisha anamsifu mpiga picha, anausifu muziki, anamsifu mwigizaji mzee aliyetokea mara mbili. Hizo ni sifa za msibani. Hukumu yenyewe anaiweka karibu na mwisho, aya ya pili kutoka chini, pale anaposema nani huenda akaipenda.

Na aya hiyo ndiyo sisi wahariri tulikuwa tunaikata. Tangazo likiingia jioni, makala inapunguzwa kutoka chini. Kichwa cha habari anaandika mtu mwingine ambaye filamu hajaiona, na anataka kichwa chenye meno. Basi mhakiki ameandika "inapitisha usiku vizuri kwa anayependa aina hii", msomaji anapata "Jasusi mchovu arudi tena", nyota mbili na nusu pembeni. Kesho mtandao unaokota kile kilichobaki.

MwenyeBanda_Maweni amejibu:

Mzee, Mola akuweke. Huyo mtu mdogo wa kitini nimemtafuta, nimecheka peke yangu mpaka mteja wa soda akadhani namcheka yeye.

Lakini nina ubishi. Kama mhakiki amechoka, kwa nini asiseme nimechoka? Kwa nini aitoze filamu? Mimi nikiuza chapati na nimechoka kuzila, siwaambii watu chapati ni mbaya. Halafu lingine: mbona kwenye mabango ya hizi hizi filamu za katikati kuna maneno makubwa, "ya kusisimua!", "usiikose!", na jina la gazeti chini? Gazeti gani hilo lililosisimka?

MamaWaBarani amejibu:

Mimi bandani siingii, na muguka wenu mnatema popote. Natazama nyumbani kwenye flashi, watoto wakishalala. Lakini naomba niwatetee hao wahakiki kidogo, maana hapa wanaume mmekaa mnawahurumia majasusi.

Kuchoka kwao kuna faida yake. Wewe, baba, uliona sanduku. Mimi niliona mke. Filamu hizi za jasusi mstaafu, mke anakufa dakika ya kumi. Amevaa nguo nyeupe, amecheka mara moja, amemwagia maua maji, tayari kafa, mume apate hasira. Jina lake hukulishika. Ukiona moja husemi kitu. Yule aliyeona mia ndiye anayesema, "jamani, mbona mke tena?" Nimesoma wahakiki, wa kike hasa, wanaoliandika hilo kila mara na hawachoki, na ikiwa filamu imempa yule mke hata vipande viwili vya akili wanaipandisha. Huo ndio ushauri ninaoutaka mimi. Aliyeizoea tu aina hiyo ameshaacha kumwona mke.

Na urefu pia. Wanasema mwisho umevutwa kwa sababu umevutwa.

MzeeWaLangoni amejibu:

Bi, umesema lililonipita, nakushukuru.

Bwana wa Maweni, mabango. Kila gazeti lina maneno mia sita, na bango linahitaji moja. Mhakiki akiandika "ilipaswa kuwa ya kusisimua, haikuwa", mtu wa matangazo ana kisu. Na pakikosekana hata hilo moja, wako tayari kwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 jarida la Newsweek liligundua kwamba mhakiki David Manning wa The Ridgefield Press, aliyekuwa akisifu filamu za Sony kwenye matangazo, hayupo duniani. Gazeti lipo, dogo la mji wa Connecticut, nalo halikujua lolote. Watu wa matangazo wa kampuni walimtunga.  

Kwamba aseme nimechoka: wapo wanaosema. Mhakiki Pauline Kael aliandika mwaka 1969, kwenye jarida la Harper's, kwamba filamu ni mara chache mno kuwa sanaa kubwa, na asiyeweza kufurahia takataka nzuri ana sababu ndogo mno ya kujishughulisha na sinema. Alikuwa mkali kuliko wote na bado alijua starehe ya ile mbao ya jikoni.

Ushauri wangu, acha wastani. Mpwa wako achague wahakiki wawili watatu na awafuate hao tu, ajue maradhi ya kila mmoja. Yuko asiyevumilia watoto kwenye filamu. Yuko anayelegea kila akiona bahari. Ukishajua ugonjwa wa mtu, hata akikataa unajua kama wateja wako watakubali.

BintiMambrui amejibu:

Naongeza: asome tarehe pia. Filamu za Januari nyingi zilitupwa pale kwa sababu studio haikuziamini, na mhakiki wa Januari anashukuru kwa lolote. Tatu ya Januari si tatu ya Novemba, wakati filamu za tuzo zimejaa.

MwenyeBanda_Maweni amejibu:

Nimeshika. Mpwa ameanza kutafuta jana, amepata mmoja wa Uingereza ambaye ugonjwa wake ni urefu. Filamu ikipita saa mbili anaikata nyota hata kama ameipenda, na analalamika kwa dakika, anataja kabisa ilipoanza kulegea. Huyo ananifaa. Stima hapa ikipotea nawasha jenereta, na tanki lake linanipa saa mbili na robo.

Mama wa Barani, karibu Ijumaa. Nitawapanga wa muguka benchi la nje.